Mgongo unauma, Diclo haimalizi: nafasi ya kukanda mwili mashariki mwa Congo

Wabeba mizigo, wasukuma chukudu, wachimbaji na wakulima wa Kivu wanaishi na maumivu ya mgongo, shingo na mabega ambayo vidonge vya sokoni vinatuliza kwa masaa machache tu. Kukanda mwili ni dawa ya zamani hapa kwetu, na Shirika la Afya Duniani (OMS) limeiweka kati ya njia za kutuliza maumivu ya mgongo yasiyoisha. Lakini inafanyika bila mafundisho, na mara nyingine inafanyika pale ambapo haifai kabisa.

Bukavu, saa kumi na moja ya asubuhi, wamama wako tayari njiani. Wanapandisha vilima kutoka kando ya ziwa kuelekea soko la Kadutu, wengine wanatoka mbali zaidi, wakiwa na unga, ndizi, makala ao mchanga wa kujengea. Kamba imepita kwenye paji la uso, mzigo umelala chini ya mabega, shingo imesukumwa mbele. Goma nako, chukudu zinateremka kutoka upande wa Kibumba zikiwa zimejaa viazi, kabichi na makala. Mji umemjengea msukuma chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, kwa sababu kila mtu anajua kwamba bila yeye soko halijai.

Magaribi, mambo yanakuwa mengine. Mwenye kubeba anarudi nyumbani, hawezi kuinama kufua nguo wala kuinua mtoto. Anasema mgongo unakata, ao shingo imekauka. Anameza kidonge, anapakwa pomade ya moto, na kuna nyumba ambamo mtoto anaombwa apande mgongoni mwa baba na kutembea polepole. Kesho yake anaamka na kurudia kazi ileile. Akikosa siku moja, jioni hiyo chungu hakipandi motoni.

Mzigo umeongezeka, mwili ni uleule

Maumivu haya hayakuanza jana. Lakini kuna sababu za kuyazungumzia sasa. Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kiisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, maisha ya raia yamegeuka. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Banki zilifunga milango. Watu waliokuwa na mshahara wa mwezi walijikuta bila kazi, na wengi wakaingia katika kazi inayohitaji nguvu za mwili tu: kubeba, kulima, kuvunja mawe, kusukuma.

Kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa pembeni ya Goma nazo zilibomolewa katika mwezi huo wa pili. Familia zilirudi vijijini kwa miguu, na vitu vyote kichwani na mgongoni. Walipofika, walikuta mashamba yamekuwa pori. Kufungua shamba lililolala mwaka mmoja ao miwili ni kazi ya jembe ya wiki nyingi, na mgongo ndio unalipa.

Tena, mtu aliyezoea kubeba tangu utoto ana misuli iliyojifunza kidogokidogo. Mwalimu ao muuza duka anayeanza kubeba mifuko akiwa na miaka arobaini hana maandalizi hayo. Anabeba kwa kulazimisha, na anaumia haraka.

Kuna kipimo cha kimataifa kinachosaidia kuelewa. Mwaka 1967, Shirika la Kimataifa la Kazi lilitoa Pendekezo namba 128 juu ya uzito wa mizigo. Linasema mzigo wa mwanaume mtu mzima, unaobebwa kwa mikono ao mgongoni, usipite kilo 55, na ule wa mwanamke uwe chini sana ya hapo. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Kila mkaaji wa Bukavu ameona mama amebeba mfuko huo, na kitu kingine juu yake.

Kwa nini vidonge vinashinda

Katika masoko na famasi ndogo za mitaa, dawa ya mgongo ina jina moja linalojulikana na wote: Diclo, yaani diclofenac. Pembeni yake kuna ibuprofen na indomethacin. Zinauzwa kwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya muganga, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali. Zinafanya kazi: baada ya saa moja, maumivu yanapungua. Ndiyo maana watu wanazipenda, na si haki kuwacheka.

Matatizo yanaanza kidonge cha siku moja kikiwa cha kila siku. Dawa za jamii hii zinakwaruza tumbo. Mtu anayezimeza bila kula, tena akiongeza pombe kali jioni, anaweza kupata kidonda cha tumbo, kutapika damu ao kujisaidia choo cheusi kama lami. Zinachosha pia figo, zaidi kwa mtu anayetoka jasho mchana mzima bila kunywa maji ya kutosha. Mwenye tensio anaweza kuona tensio ikipanda. Mwanamke mwenye mimba ya miezi ya mwisho hapaswi kuzitumia, kwani zinaweza kudhuru moyo na figo za mtoto.

Kuna na mambo mabaya zaidi. Wengine wanapewa mchanganyiko wenye dexa, dawa ya jamii ya kortizoni. Maumivu yanakwisha ghafla, mtu ananenepa uso, anadhani amepona. Kumbe dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu inapunguza nguvu ya mifupa, inapandisha sukari na inaficha magonjwa ambayo yangejulikana mapema. Wengine wanapenda sindano, wakiamini inafika haraka. Sindano ikipigwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtu akabaki anakokota mguu. Wengine wamehamia tramadol, ambayo inazoesha mwili hadi mtu anashindwa kufanya kazi bila hiyo.

Mikono inafanya nini kweli?

Mwezi wa kumi na mbili 2023, OMS ilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya chini ya mgongo yanayodumu. Ilikumbusha kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, karibu mtu mmoja kati ya 13. Kati ya njia inazokubali kuna mazoezi ya mwili, kumfundisha mgonjwa kujitunza, na kukandwa. Diclofenac na dada zake zinabaki zikikubalika, kwa uangalifu. Lakini dawa za jamii ya tramadol haizikubali kwa maumivu haya, wala mikaba ya kufunga kiuno kama desturi ya kila siku.

Lazima kusema wazi: OMS haikusema kwamba kukanda kunaponya kila kitu. Uthibitisho uliopo ni mdogo, na nafuu inayoonekana mara nyingi ni ya siku ao wiki chache. Faida yake kubwa ni kwamba inampa mtu nafasi ya kusogea tena, kulala, na kufanya mazoezi ambayo maumivu yalimzuia.

Wakandaji wengi wanaeleza kazi yao kwa maneno ya zamani: wanatoa damu mbaya, wanarudisha mshipa mahali pake, wanakamata uti uliohama. Maelezo hayo si sawa. Mishipa haihami, na mifupa ya mgongo hairudishwi kwa vidole gumba. Kinachotokea ni rahisi zaidi. Msuli uliokaza masaa mengi bila kupumzika unapata damu kidogo, unachoka, unakuwa mgumu na kuuma ukiguswa. Mkono wenye joto, unaobonyeza kwa utulivu, unasaidia msuli huo kulegea. Tena ngozi inatuma habari kwa ubongo, na ubongo unapunguza ukali wa maumivu na wasiwasi. Kwa mtu aliyeishi usiku mwingi wa mlio wa silaha, mwili wake mzima unakuwa umekaza kama kamba. Kulegeza huko si jambo dogo.

Namna ya kukanda, hatua kwa hatua

Kukanda kunakofaa hakuhitaji vyombo vya bei. Mikono ya mtu wa nyumbani inatosha kwa maumivu ya kawaida ya kazi, ikiwa inafuata utaratibu.

Kwanza ni kuuliza na kuangalia. Inauma wapi, tangu lini, kulitokea nini? Mkandaji ananawa mikono na sabuni, anakata kucha, anaangalia ngozi kama ina kidonda ao vipele. Anaomba ruhusa kabla ya kugusa. Jambo hili lina uzito mkubwa mashariki, ambako wengi wamefanyiwa ukatili wa kingono. Mtu ana haki ya kubaki na nguo yake, kuchagua mkandaji mwanamke ao mwanaume, kuwa na ndugu pembeni, na kusema basi wakati wowote.

Pili ni joto. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa kinawekwa kwenye msuli dakika kumi hadi kumi na tano. Kisiunguze.

Tatu ni kupapasa. Mafuta kidogo, hata ya mawese ao ya kupaka ya kawaida, yanatosha. Kiganja kizima kinateleza polepole kutoka kiunoni kwenda mabegani, pande mbili za uti wa mgongo, kamwe si juu ya mifupa yenyewe. Dakika tatu ao nne hivi, mwili unaanza kuamini mkono.

Nne ni kukanda kwenyewe, kama mtu anayekanda unga wa mandazi. Msuli wa bega ao wa pembeni ya kiuno unashikwa kati ya kidole gumba na vidole vingine, unainuliwa, unaminywa, unaachiwa. Kwa wenye kubeba kwa kamba ya kichwani, sehemu ya kupewa muda ni kisogo, juu ya mabega na katikati ya mabega. Kwa wasukuma chukudu ni kiuno, matako na nyuma ya paja. Motari anaumia zaidi kiunoni na kwenye mabega, kwa sababu ya kukaa na kutikiswa mchana kutwa.

Tano ni vifundo. Mkono ukikuta sehemu ndogo ngumu inayouma sana, kidole gumba kinabonyeza hapo na kutulia, nusu dakika hadi dakika moja, mpaka maumivu yaanze kushuka. Maumivu yakipewa alama juu ya kumi, yasipite tano. Mgonjwa akikaza meno na kuzuia pumzi, mkandaji amezidisha. Msemo wa kwamba isipouma haiponi umeumiza watu wengi.

Mwisho ni kupapasa tena, kiisha kusogeza mwili. Mgonjwa analala chali, anavuta magoti polepole hadi kifuani. Anageuza shingo kulia na kushoto. Anazungusha mabega. Kazi yote haipiti nusu saa, na inaweza kurudiwa mara mbili ao tatu kwa juma. Anayeishi peke yake anaweza kuweka mpira mdogo kati ya mgongo na ukuta, hata ule wa matambara wa watoto, na kujibonyeza kwa kupanda na kushuka.

Mwili kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Ganzi, mguu kulegea ao maumivu kuongezeka si kawaida, na kazi lazima isimame.

Pale ambapo mkono unaumiza

Hapa ndipo penye hatari, kwani mkandaji wa mtaani mara nyingi ndiye wa kwanza kuona mgonjwa. Akijua kusema "hii si ya kwangu, nenda hospitali", anaweza kuokoa maisha.

Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye hawezi tena kuzuia mkojo ao choo, ama ana ganzi katikati ya mapaja, ama miguu yake inapoteza nguvu, asikandwe. Anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo. Yule ambaye mgongo unamuuma hata usiku akiwa amelala, ana homa, anakonda na kutoka jasho la usiku, anaweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Vipimo na dawa zake vinatolewa bure kwa mpango wa serikali, lakini mgonjwa anayekandwa miezi sita kabla ya kupimwa anaweza kufika akiwa tayari na kibyongo ao miguu imepooza.

Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu nyuma ya shina la mguu, usikandwe pia. Unaweza kuwa na damu iliyoganda, na kipande chake kikisukumwa kinaweza kufika kwenye mapafu na kuua. Tumbo la mwanamke mwenye mimba lisisukumwe kwa nia ya kugeuza mtoto.

Kuhusu mifupa iliyovunjika, desturi inatofautiana na mwili. Mtu akianguka na moto ao akipigwa na risasi, familia nyingi zinaenda kwanza kwa muunga mifupa. Kuna wenye uzoefu wa kweli. Lakini kukanda mfupa uliovunjika kila siku kunauzuia kushikana. Kiwiko cha mtoto kikikandwa kwa nguvu baada ya kuumia kinaweza kukauka kabisa. Vijiti vikifungwa kwa kukaza sana vinazuia damu. Vidole vikiwa baridi, vyeusi ao bila hisia, fungo hilo lifunguliwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali, la sivyo mkono mzima unaweza kukatwa. Hata kwa kifundo cha mguu kilichoteguka tu, siku mbili za kwanza ni za kupumzisha, kuweka kitambaa cha maji baridi na kuinua mguu.

Mwisho kuna magonjwa ya kuambukiza. Kivu haijasahau Ebola ya 2018 hadi 2020. Mpox nayo, katika aina mpya iliyotambuliwa Kamituga, ilifanya OMS itangaze dharura ya kimataifa tarehe 14 mwezi wa nane 2024. Dharura hiyo iliondolewa mwezi wa tisa 2025, lakini ugonjwa haujakwisha, na unapita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi. Mkandaji anayegusa watu kumi kwa siku na kitambaa kimoja anaweza kuupeleka kwa familia kumi. Homa, vipele ao vidonda vikionekana, hakuna kukanda.

Kazi ya nani?

Wataalamu wa mambo haya wapo. Wanaitwa wakinezi, na mikono yao inasaidia waliokatwa viungo, waliopigwa risasi na watoto wenye ulemavu. Huko Goma kituo cha Shirika la Umoja, na huko Bukavu kile cha Heri Kwetu, vimepata msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa (CICR) kwa kazi hiyo. Lakini ni wachache, wako mijini, na vita vinawajazia wagonjwa wazito. OMS inasema katika nchi nyingi za mapato madogo na ya kati hakuna hata wataalamu kumi wa aina hii kwa kila wakaaji milioni moja. Mama wa Walungu mwenye shingo iliyokauka hatafika kwao, na akifika atalipa kutoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo swali la kweli si kuchagua kati ya mkinezi na mkandaji wa mtaa. Ni kujua nani atamfundisha mkandaji. Zone za afya zina RECO wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na malaria. Dalili tano ao sita za hatari zinaweza kuingia katika mazungumzo hayo bila gharama kubwa. Hospitali yenye mkinezi mmoja inaweza kuwaita wakandaji na waunga mifupa wanaojulikana, kuwaonyesha kwa siku mbili wasichopaswa kugusa, na kuwapokea vizuri wanapoleta mgonjwa. Leo wengi hawaleti kwa sababu wanaogopa kutukanwa. Wenye famasi nao wanaweza kuanza na swali moja kwa anayenunua Diclo: hii ni ya siku ya ngapi?

Vyama vya wabeba mizigo na vya wasukuma chukudu vinaweza kufanya jambo ambalo hakuna muganga atafanya: kuzungumza na wenye mizigo juu ya uzito. Mfuko wa kilo mia ukigawanywa mara mbili, safari zinakuwa mbili na bei lazima ipangwe upya. Mazungumzo ni magumu, kwani mwenye njaa anakubali bei yoyote, na mwingine yuko nyuma yake akingoja nafasi. Lakini bila hayo, mkono unaokanda jioni unapunguza kidogo tu kile ambacho asubuhi itarudisha.

Kwa sasa, katika nyumba nyingi, mgongo wa mtu mmoja unalisha watu saba ao wanane. Kuutunza kwa maji ya moto, mafuta kidogo na nusu saa ya mikono yenye akili ni jambo ambalo familia inaweza kuanza leo jioni. Kujua pa kusimama, na kupeleka mgonjwa hospitali mapema, ni sehemu ya matunzo hayo.